Pumzi Hutoa Habari: Oksijeni na Mapafu ya Mzamiaji

1. Pumulia kioo

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea, chukua kipande cha kioo. Kisogeze karibu na mdomo wako, kisha ukipumulie. Utaona kioo kinafanya ukungu. Ukungu huo ni maji. Yametoka ndani ya mapafu yako. Hukuyaona yakitoka, lakini kioo kimeyaonyesha.

Hapo umejifunza jambo moja kubwa. Pumzi si kitu kitupu. Inabeba vitu kutoka ndani ya mwili na kuvitoa nje.

Jambo hili unalijua tangu zamani. Mtu aliyekunywa pombe hawezi kukuficha. Hata akikaa kimya, pumzi yake inasema. Ndiyo sababu polisi wa usalama barabarani humpa dereva kifaa akipulize. Kifaa husoma kiasi cha pombe kilichomo katika pumzi. Vilevile mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa huweza kutoa pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Daktari akiisikia harufu hiyo huanza kuushuku ugonjwa hata kabla ya kupima damu.

Hapa kwetu Tanzania tuna mfano mwingine. Huko Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limewafundisha panya buku kunusa makohozi ya wagonjwa. Kazi hiyo ilianza mwaka 2007. Panya akikuta makohozi yenye kifua kikuu, huonyesha kwa kutulia na pua yake juu ya makohozi hayo. Panya hajui kusoma wala kuandika. Anajua tu kwamba ugonjwa una harufu yake.

Katika somo hili tutaona jinsi wataalamu walivyotumia pumzi kujua hali ya mapafu ya wazamiaji. Walitaka kujua oksijeni inayafanya nini mapafu hayo mtu akiwa chini ya maji.

Huenda ukauliza, "Mimi ni mkulima wa mpunga na kokoa. Mambo haya yananihusu nini?" Yanakuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, sisi tunaishi kando ya ziwa, na baadhi ya vijana wetu huzama. Pili, huenda ikafika siku daktari akataka kumpa oksijeni mtoto wako au mzazi wako. Siku hiyo utatakiwa kukubali au kukataa. Ni vizuri uamue ukiwa unajua.

2. Ziwa letu na watu wanaozama

Ziwa Nyasa lina kina kirefu sana. Mahali penye kina kikubwa kuliko pote pana mita 700 hivi. Kwenye vinywa vya mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo maji huwa na tope, hasa wakati wa masika. Lakini ukivuka Matema kuelekea Ikombe, Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja ndani ya maji. Huko ufuko ni wa mawe, maji ni meupe, na kina huanza karibu na nchi kavu.

Katika mawe hayo wanaishi samaki wadogo wa rangi nyingi: wa bluu, wa njano, wenye mistari. Ziwa Nyasa linajulikana duniani kote kwa samaki hao. Watu wa nchi za mbali huwanunua wakiwa hai, wakawafuga ndani ya masanduku ya kioo kama pambo la nyumba. Ili kuwapata bila kuwaumiza, lazima mtu ashuke chini na wavu mdogo.

Wazamiaji ni wa aina mbili. Aina ya kwanza ni yule anayebana pumzi. Mvuvi ambaye wavu wake umenasa kwenye jiwe hujitosa, akaunasua, akarudi juu. Hewa yake ni ile tu aliyoondoka nayo juu.

Aina ya pili ni yule anayevuta hewa akiwa chini. Wengine hubeba mtungi wa hewa mgongoni. Wengine huvuta hewa kwa mpira mrefu unaotoka kwenye kompresa iliyo ndani ya mtumbwi. Kompresa hiyo hufanya kazi kama ile ya fundi wa kujaza upepo magurudumu. Huko pwani, Zanzibar na kusini mwa Kenya, wapo vijana waliozama kwa njia hiyo kutafuta majongoo bahari ya kuuza.

Wapo pia wazamiaji wa uokoaji. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Viktoria. Watu zaidi ya 220 walikufa. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi wa mitambo akiwa hai. Alikuwa amebaki ndani ya kivuko mahali palipokuwa na hewa. Kazi ya mzamiaji ni kazi ya heshima. Lakini anayeifanya lazima aijue hewa anayoivuta.

3. Hesabu ya punje 100

Sasa chukua punje 100 za mpunga, uzimwage mezani. Tuseme punje hizo ndizo hewa tunayoivuta kila siku. Tenga punje 78. Hizo ni gesi iitwayo nitrojeni. Tenga punje 21. Hizo ni oksijeni. Punje moja iliyobaki ni gesi nyingine zote kwa pamoja.

Kwa hiyo katika hewa ya kawaida tuna punje 21 za oksijeni. Hizo zinatutosha kulima, kutwanga, kuimba na kulala.

Mtu akizama, maji humgandamiza kutoka kila upande. Kila akishuka mita 10, mgandamizo huongezeka kwa kiasi kilekile kilichopo juu ya maji. Akifika mita 10 mgandamizo umekuwa mara mbili. Akifika mita 20 umekuwa mara tatu. Akifika mita 30 umekuwa mara nne.

Mzamiaji anayevuta hewa kwa mashine lazima aletewe hewa yenye mgandamizo sawa na wa maji yanayomzunguka. Isipokuwa hivyo, kifua chake hakitaweza kufunguka. Maana yake hewa aivutayo imeshindiliwa, kama mpunga ulioshindiliwa katika gunia. Gunia ni lilelile, lakini punje ni nyingi zaidi.

Tazama hesabu hii ya punje za oksijeni katika kila pumzi:

Juu ya maji, hewa ya kawaida: punje 21.
Mita 10, hewa ya kawaida: punje 42.
Mita 20, hewa ya kawaida: punje 63.
Mita 30, hewa ya kawaida: punje 84.
Juu ya maji, oksijeni tupu: punje 100.
Mita 6, oksijeni tupu: punje 160.
Mita 9, oksijeni tupu: punje 190.

Je, punje nyingi ni salama? Wataalamu wanasema hivi. Mpaka punje 50, mapafu huvumilia hata kwa muda mrefu. Zikifika 100, mtu mzima mwenye afya huanza kusikia dalili kifuani baada ya saa nyingi, mara nyingi nusu siku au zaidi. Kadiri punje zinavyoongezeka, ndivyo muda wa kuvumilia unavyopungua. Zikipita 160, hatari nyingine hutokea. Ubongo unaweza kushtuka, na mtu akashikwa na degedege kama mwenye kifafa. Juu ya nchi kavu mtu aliyeshikwa na degedege huweza kuokolewa. Chini ya maji huzama na kufa.

4. Rafiki anayeunguza

Huenda unashangaa. Oksijeni ndiyo inayotuweka hai. Inakuwaje ituumize?

Angalia vitu vya nyumbani. Moto wa kuni hauwaki bila oksijeni. Ukifunika kibatari, kinazimika. Ukiacha jembe nje wakati wa mvua, linashika kutu. Kutu ni kazi ya oksijeni na maji juu ya chuma. Ukiacha mafuta ya mawese wazi kwa siku nyingi, yanachacha. Ladha inabadilika na harufu mbaya inatoka. Hiyo nayo ni kazi ya oksijeni juu ya mafuta.

Kwa hiyo oksijeni ni kama moto wa jikoni. Ukiwa kwenye mafiga, unapika chakula. Ukipanda kwenye paa la nyasi, unateketeza nyumba. Tofauti ni kipimo.

Wataalamu walianza kulijua jambo hili zamani. Mwaka 1774 Joseph Priestley wa Uingereza aliipata oksijeni katika majaribio yake. Aliona kwamba mshumaa unawaka kwa nguvu na kuisha upesi ndani ya gesi hiyo. Akawaza kuwa huenda na uhai wa mtu nao ungeisha upesi vivyo hivyo. Mwaka 1878 Paul Bert wa Ufaransa alitoa kitabu kikubwa kuhusu mgandamizo wa hewa. Alionyesha kwamba oksijeni yenye mgandamizo mkubwa huwapa wanyama degedege. Mwaka 1899 James Lorrain Smith, mtaalamu kutoka Scotland, alionyesha kwamba oksijeni nyingi ikivutwa kwa muda mrefu huwasha na kuvimbisha mapafu.

5. Mapafu yanavyoumia

Mapafu si mifuko miwili mitupu. Ndani yake mna vifuko vidogo sana, milioni 300 au zaidi. Kama ungeweza kuvitandaza vyote chini, vingefunika sakafu yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 7 hivi. Kuta za vifuko hivyo ni nyembamba mno. Hapo ndipo oksijeni inapoingia katika damu, na hewa chafu inapotoka.

Kuta hizo zimejengwa kwa chembe hai, ambazo pia huitwa seli. Kila seli ina utando wake, na sehemu kubwa ya utando huo ni mafuta. Sasa kumbuka yale mawese yaliyochacha. Oksijeni ikizidi, mafuta ya utando wa seli huharibika kwa namna kama hiyo. Mwili una kinga yake na hutengeneza kilichoharibika. Lakini oksijeni ikiendelea kuzidi, kinga hulemewa.

Hapo mtu huanza kusikia mkereketo kooni. Baadaye hupata kikohozi kikavu. Kisha huja maumivu nyuma ya mfupa wa kifua, na hawezi tena kuvuta pumzi mpaka mwisho. Akiendelea, mapafu huvimba na kujaa majimaji.

Tatizo ni kwamba dalili hizi huja wakati madhara yameshaanza. Kipimo cha kawaida cha mapafu ni kupuliza kwa nguvu ndani ya mrija, ili kuona mtu ana hewa kiasi gani. Kipimo hicho ni kizuri, lakini madhara madogo hukipita bila kuonekana. Ni kama kumjua mchwa siku nguzo inapoanguka. Wataalamu walitaka kumjua mchwa mapema, angali anaanza kula.

6. Jaribio la Uholanzi

Mwaka 1971 Linus Pauling wa Marekani na wenzake walipima pumzi za watu kwa mashine inayotenganisha gesi. Walikuta vitu karibu 250 ndani ya pumzi ya binadamu. Vingi vilikuwa vidogo kiasi kwamba pua yetu haiwezi kuvinusa.

Baadaye madaktari wa wazamiaji wa jeshi la wanamaji la Uholanzi walijiuliza swali. Kama mafuta ya seli yanaharibika, na mafuta yaliyoharibika hutoa harufu, je, harufu hiyo haitatoka na pumzi?

Swali hilo lilikuwa muhimu kwao. Baadhi ya wazamiaji wa jeshi hutumia oksijeni tupu, kwa sababu chombo chao hakitoi mapovu yanayoonekana juu ya maji. Miongoni mwa madaktari hao ni Pieter-Jan van Ooij na Thijs Wingelaar. Walishirikiana na wataalamu wa mapafu wa Amsterdam. Matokeo ya jaribio lao moja yalitolewa mwaka 2014, na mengine yakafuata mwaka 2019.

Tuone walivyofanya. Unajua jinsi Bwana Shamba anavyoonyesha faida ya mbolea. Hutenga majaruba mawili yaliyo sawa. Mbegu ni ileile, maji ni yaleyale, siku ya kupanda ni ileile. Jaruba moja hutiwa mbolea, la pili halitiwi. Tofauti ikionekana, kila mtu anajua imeletwa na mbolea.

Wataalamu wale walifanya vivyo hivyo. Walichukua kundi dogo la wazamiaji wenye afya. Watu walewale walizama mara mbili, kwa siku tofauti. Mara moja walivuta oksijeni tupu. Mara nyingine walivuta hewa ya kawaida. Kina kilikuwa kilekile, kama mita 9. Muda ulikuwa uleule, saa moja. Ukirudi kwenye hesabu yetu, utaona kuwa wenye oksijeni tupu walivuta punje 190. Wenye hewa ya kawaida walivuta punje 40 tu.

Kabla ya kuzama, na tena saa kadhaa baada ya kutoka majini, kila mmoja alitoa pumzi. Pumzi hiyo ilipitishwa kwenye mrija wenye vitu vinavyonasa gesi, kama chujio linavyonasa pumba. Kisha mrija ulipelekwa kwenye mashine. Mashine moja ilitenganisha gesi na kuzitambua moja moja. Nyingine inaitwa pua ya elektroniki. Hiyo haitaji jina la kila gesi. Inaonyesha tu kwamba pumzi ya leo inanukia tofauti na ya jana, kama panya buku wa Morogoro afanyavyo.

7. Walichokiona

Baada ya kuzama na oksijeni tupu, pumzi ilikuwa imebadilika. Gesi fulani za jamii iitwayo alkani zilikuwa zimeongezeka. Gesi za namna hiyo hutoka mafuta ya utando wa seli yanapoharibiwa na oksijeni. Yaani pumzi ilikuwa imebeba dalili kama ile ya mawese yaliyochacha, ingawa ilikuwa ndogo mno kwa pua ya mtu.

Wazamiaji hao walikuwa wazima. Hawakuwa wagonjwa. Lakini pumzi ilikuwa imeanza kutoa habari kwamba oksijeni imegusa mapafu.

Hata hivyo, tusiharakishe kusema kazi imekwisha. Watu waliopimwa ni wachache. Tena pumzi hubadilishwa na mambo mengi: sigara, chakula, pombe, moshi wa mafuta. Majaribio tofauti hayakuonyesha gesi zilezile kila mara. Kipimo hiki bado ni cha watafiti. Lengo lao ni kwamba siku moja mzamiaji apulize kwenye kifaa, kama dereva anavyopuliza, aambiwe, "Leo pumzika," au, "Mapafu yako ni mazima."

Jambo kubwa kwetu ni hili. Mtu anaweza kujisikia vizuri, na bado mapafu yake yakawa yameguswa. Kwa hiyo mzamiaji asingoje maumivu ndipo aheshimu kipimo cha kina na muda.

8. Usiikatae oksijeni ya hospitali

Sasa tahadhari, ndugu msomaji. Usichukue nusu ya somo hili ukaacha nusu.

Vijijini kwetu wapo watu wanaosema, "Ukiwekewa oksijeni, umekwisha." Wamemwona mgonjwa akiwekewa, kisha akafa. Wanadhani oksijeni ndiyo iliyomuua. Sivyo. Mara nyingi mgonjwa huyo alifikishwa hospitali akiwa amechelewa, na ugonjwa ulikuwa umeshamzidi. Ukimwona mtu akipeleka ndoo ya maji kwenye nyumba inayoungua, hutasema maji ndiyo yaliyoichoma nyumba.

Mtoto mwenye nimonia anavuta hewa yenye punje 21, lakini mapafu yake yaliyojaa uchafu hayawezi kuzipitisha zote kwenye damu. Akiongezewa oksijeni, damu hupata inayohitaji mpaka dawa ifanye kazi. Oksijeni hiyo hutolewa kwa mgandamizo wa kawaida, siyo ule wa chini ya maji. Muuguzi huibana kidoleni klipu ndogo yenye taa ili kujua damu ina oksijeni kiasi gani. Kisha huongeza au hupunguza. Hata watoto njiti hupewa kwa kipimo, maana oksijeni ikizidi huweza kudhuru macho yao.

Kwa hiyo mwache muuguzi apime. Usimvue mgonjwa mpira. Usizungushe kifungo cha mtungi mwenyewe. Usiwashe kiberiti wala sigara karibu na oksijeni.

Tena ipo ajabu nyingine. Mzamiaji aliyepanda juu haraka huweza kuugua, kwa sababu nitrojeni iliyoingia mwilini hufanya mapovu, kama soda iliyofunguliwa. Viungo huuma na miguu huweza kupooza. Dawa yake ni oksijeni hiyohiyo. Mgonjwa huingizwa katika chumba maalumu chenye mgandamizo na kuvuta oksijeni mpaka punje 280. Ili mapafu yasiungue, katika matibabu hayo huvuta oksijeni kwa dakika 20, kisha huvuta hewa ya kawaida kwa dakika 5, halafu anarudia. Zile dakika 5 ndizo hekima yenyewe. Dawa ile ile ni sumu ikikosa kipimo.

9. Kwa wanaozama na wazazi wao

Tuseme mtu amekuja kijijini na mashine, akamwambia kijana wako, "Njoo uzame, nitakulipa." Mweleze kijana mambo haya kabla hajakubali:

Kwanza, aulize nani atamfundisha. Kuzama kwa mashine hakufanani na kuogelea. Aulize pia nani atamtibu akiumia.

Pili, asizame kamwe na mtungi wa oksijeni wa fundi wa kuchomelea. Kupita mita 6 anaweza kushikwa na degedege. Tena oksijeni tupu ikikutana na grisi au mafuta huweza kulipuka.

Tatu, mdomo wa kompresa unaovuta hewa uwe mbali na moshi wa injini, upande upepo unakotoka. Moshi ukiingia kwenye mpira, mzamiaji atavuta sumu.

Nne, asizame peke yake. Mtu wa juu ashike saa, aandike kina na muda. Hapa kujua kuandika kunaokoa maisha.

Tano, wakati wa kupanda asibane pumzi. Hewa iliyoshindiliwa hupanuka anapopanda, na huweza kupasua mapafu. Apande polepole, huku akitoa pumzi.

Sita, akisikia mkereketo, kikohozi au maumivu kifuani, aache kuzama mpaka aonwe na daktari. Akiumwa viungo, au akipata ganzi miguuni, alazwe chali, apelekwe hospitali haraka, na daktari aambiwe, "Huyu alikuwa amezama."

Saba, asipande milima siku hiyohiyo. Kyela iko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mbeya iko mita 1,700 hivi. Aliyezama asubuhi Matema, akapanda basi la Mbeya jioni, ameupunguzia mwili mgandamizo mara ya pili. Mapovu yaliyotulia huweza kuamka. Apumzike ufukweni mpaka siku ya pili.

10. Mwisho

Katika Ziwa Nyasa, chini ya mita 250 hivi, maji hayana oksijeni. Samaki hawaishi huko. Kwa upande mwingine, oksijeni ikizidi ndani ya mapafu, huyaunguza. Uhai wetu uko katikati, penye kipimo. Watu wa zamani walijua kipimo cha chumvi katika mchuzi na cha maji katika jaruba. Sisi tujifunze pia kipimo cha pumzi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Pumzi hubeba habari za ndani ya mwili.
Mzamiaji akishuka, oksijeni katika kila pumzi ya mashine huongezeka.
Oksijeni ikizidi huharibu mafuta ya seli za mapafu, na pumzi huonyesha dalili.
Oksijeni ya hospitali hutolewa kwa kipimo. Huokoa maisha.

MANENO MAPYA

Alkani: jamii ya kemikali zinazopatikana katika mafuta ya petroli, nyingine hutoka mwilini mafuta ya seli yanapoharibika.
Kompresa: mashine ya kushindilia hewa.
Mgandamizo: nguvu inayosukuma kitu kutoka nje kwenda ndani.
Njiti: mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati.
Seli: chembe hai ndogo zinazojenga mwili.

MASWALI

1. Taja vitu viwili ambavyo pumzi huweza kuonyesha.
2. Mzamiaji anavuta hewa ya kawaida katika mita 40. Kila pumzi ina punje ngapi za oksijeni?
3. Kwa nini wazamiaji wa Uholanzi walizama mara mbili?
4. Mtungi wa oksijeni wa fundi wa kuchomelea una hatari gani kwa mzamiaji?

MAJADILIANO

Katika kikundi chenu, zungumzeni maneno haya: "Ukiwekewa oksijeni, umekwisha." Nani amewahi kuyasikia? Mtamjibu nini jirani anayekataa mtoto wake asiwekewe?

KAZI YA KUFANYA

Andika barua fupi kwa kijana wako au wa jirani anayetaka kuzama kwa mashine. Mweleze mambo matatu kati ya yale saba. Isomeni darasani, kisha umpelekee.